Tunamuomba Mungu au Tunamtuma?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu wiki iliyopita, naomba tukiongee.

Kuna staa mmoja wa filamu, jina naliweka kapuni, kapost gari jipya. Kaliegemea, miwani juu ya kichwa, halafu chini kaandika kwamba Mungu wake hajalala, kawaaibisha maadui, waliosema hatafika sasa wamuangalie kutokea dirishani kwenye daladala. Watu wakajaa: "Amen", "Napokea", "Na mimi mwaka huu". Na mimi niliandika "Napokea". Kidole kiliwahi kuliko akili.

Baadaye nikajiuliza, hivi napokea nini hapo? Gari, au watu kuaibika?

Tusidanganyane, wakristo wengi wa mjini ndio tunavyoomba. Mkesha wa mwaka mpya, mwaka juzi, tuliandika mahitaji yetu kwenye karatasi. Yangu yalikuwa matatu. Simu kali. Chumba chenye choo ndani. La tatu naona aibu, ila nalisema: kuna jamaa tulikuwa tunapiga naye picha za harusi, akawa anapata kazi kuliko mimi. Niliomba ashuke. Na nikafunga siku tatu. Siku tatu bila kula wadau, ili mtu mwenye mtoto mchanga aanguke!

Miezi michache mbele jamaa akaibiwa kamera na lenzi zote. Mtu wa kwanza kumpigia simu ni mimi, analia, maana aliniona ndugu yake. Usiku ule sikulala. Siamini hata kidogo kwamba Mungu ndiye aliyemtuma yule mwizi. Lakini mwizi alifanya kilekile nilichokuwa nakiomba kwa kufunga. Hapo ndipo nilipojiona.

Nikarudi kwenye Biblia kutafuta watu waliomba nini. Sulemani, ile Wafalme wa Kwanza sura ya 3, aliambiwa aombe chochote. Angeweza kuomba utajiri au maadui zake wafe. Akaomba akili ya kuwaamua watu vizuri. Na ile sala ambayo Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi, tunaisema haraka haraka mpaka hatuisikii. Jina la Mungu na mapenzi yake vinatangulia, mkate unafuata. Halafu humo ndani hakuna "mimi", kote ni "sisi". Yaani ukiomba mkate, unamuombea na jirani yako anayekukera.

Najua kuna mtu ataniambia, mbona Daudi kwenye Zaburi aliomba maadui wapigwe? Kweli kabisa. Ila Daudi alikuwa anawindwa na mfalme mwenye jeshi, anataka kumuua. Adui yako wewe ni mtu ambaye hajalike picha yako. Na huyohuyo Daudi alipomkuta Sauli pangoni, alikata kipande cha nguo tu, akamuacha mzima.

Simsemi vibaya yule dada. Gari ni zuri, na kuomba gari sio dhambi. Hata Yesu kule Gethsemane alisema wazi anachotaka, ndipo akamuachia Baba yake aamue. Mimi naona hapo ndipo penye mtihani. Ukimuomba Mungu, unakubali kwamba anaweza kukubadilisha hicho unachokitaka. Ukimtuma, unataka akuletee tu, kama bodaboda wa chipsi, akichelewa unanuna.

Mkesha uliopita niliandika tena karatasi. Simu bado ipo kwenye listi, mimi sio malaika jamani. Ila jina la yule jamaa safari hii niliandika apate kamera. Shida ya maombi ya hivyo yanakurudia mwenyewe. Nikaanza kumuazima yangu Jumamosi nisipokuwa na kazi. Anaipenda kuliko ninavyoipenda mimi, na bado anapiga picha nzuri kuniliko. Inauma kidogo, lakini nalala.

Haya mdau, kuwa mkweli. Kwenye maombi yako kuna jina la mtu? Umeomba apande au ashuke? Dondosha komenti hapo chini, matusi hapana.