Acheni Kutafuta Mamilioni Kwenye Kopo la Bibi

Naandika nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo naielekeza kwa ukoo wangu mwenyewe. Bibi alipofariki aliacha kopo la mafuta ya kupikia lililojaa sarafu za zamani. Nikiwa mdogo alikuwa akizimwaga mkekani tuzihesabu: zenye tundu katikati, zenye simba, zenye Nyerere kijana. Siku chache baada ya arobaini akaja dalali hapa Nzuguni, akasema humo kuna "rupia" na mnunuzi yuko Dar anatoa mamilioni. Wajomba wakachanga "hela ya kupima", wakamkabidhi na kopo. Mpaka leo namba yake haipatikani.

Tumelogwa na neno rupia. Watu wanachimba misingi ya majengo ya Mjerumani usiku, wengine wanauza mbuzi kumlipa mganga aonyeshe zilipofukiwa. Jamani, tuulizane kwa utulivu: zina nini? Mwaka 1916, vita ilipoizingira Afrika Mashariki ya Kijerumani na meli hazifiki, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli, kwenye njia ileile inayopita hapa Dodoma. Sarafu za shaba nyeupe na nyekundu za heller 20 zilitoka zaidi ya milioni moja. Kitu kilichopigwa kwa wingi hivyo hakiwezi kukujengea ghorofa. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ndiyo adimu. Zilitoka takriban 16,000 tu, na si hizo zilizokuwa kwenye kopo la bibi.

Lakini heller hiyo ina kitu ambacho dalali hakijui. Neno "hela" tunalolitamka kutwa nzima limetokana nayo. Mjerumani kaondoka, sarafu yake imekufa, jina limebaki mdomoni mwetu. Huo ndio utajiri wenyewe, na hauhitaji mnunuzi kutoka Dar.

Ndiyo maana nimeanza mkusanyo wangu, na nawashawishi nanyi muanze. Sikusanyi kila mwaka wala kila kosa la mtambo. Hiyo ni kazi ya wenye pesa na muda. Nachukua sarafu moja tu kwa kila aina. Ukibadilika mchoro, madini au umbo, hiyo ni aina mpya. Unaweza kuanza leo kwa chenji ya dukani: hamsini ya Mwinyi na kifaru, mia ya Nyerere na swala, mia mbili ya Karume na simba, mia tano ya Karume na nyati. Jumla Sh850. Nani hana?

Kisha rudi nyuma. Mwaka 1966, Benki Kuu ilipoanza kazi, zilitoka senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi yenye mwenge. Zote zina sura ya Mwalimu, na pembeni maneno "Rais wa Kwanza". Zitazame vizuri. Alikuwa bado yuko madarakani na angekaa mpaka 1985, lakini sarafu ilikwisha kumwita wa kwanza. Yaani kila aliyenunua chumvi alishika ahadi kwamba atakuja wa pili. Mimi ni mwandishi wa habari, nimesoma chuo kikuu, na sikumbuki mwalimu yeyote aliyenionyesha hilo. Nilionyeshwa na senti hamsini.

Rudi nyuma zaidi, kwenye zile zenye tundu. Senti 10 ya 1936 ina jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma, ila huku kwetu jina lake lilizunguka sokoni likinunua mtama na karanga.

Najua jibu la baadhi yenu: "Kwa nini nimtundike mkoloni sebuleni?" Kwa sababu alikuwepo, na kodi ya kichwa ililipwa kwa sarafu hizohizo. Ukimficha kwenye kopo hujamshinda, umewanyima watoto ushahidi tu. Mweke ukutani, na baada yake mweke Nyerere. Mpangilio wenyewe utasema nani aliondoka na nani akaingia.

Tena msizifiche! Kuna watu wanazo sarafu nzuri kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa chini ya godoro zikisubiri mamilioni. Chukua kadibodi ngumu, toboa matundu ya ukubwa wa sarafu, funika mbele na nyuma kwa plastiki ngumu ili pande zote mbili zionekane. Plastiki laini inayonuka iache, itazitia kutu ya kijani. Usitie gundi. Shika sarafu ukingoni. Na tafadhali, msizisugue kwa limau na majivu: mng'ao mnaoutafuta unakula mchoro, na haurudi. Chini ya kila moja andika nchi, mwaka, na aliyekupa. Hilo la mwisho msiliruke, kwa sababu hakuna kitabu kitakachowaambia.

Kila Agosti watu humiminika hapa kwenye viwanja vya Nane Nane kutazama madume ya ng'ombe na mbegu mpya. Hakuna anayemuuliza mfugaji kwa nini anamwonyesha dume wake badala ya kumuuza. Mimi kwa kibao changu chenye sarafu kumi na tisa naulizwa kila wiki, "Sasa unauza lini?"

Siuzi. Juzi mtoto wa jirani alisimama mbele yake karibu nusu saa, akauliza kwa nini zile zina tundu. Nikamwambia ziliweza kutungwa kwenye uzi kama shanga. Kesho yake akaniletea senti 20 ya mbuni kutoka kwa babu yake, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Nimeandika jina la babu huyo chini yake. Tundu lililo pembeni yake bado tupu. Ni la shilingi ya simba, kama ile ya bibi.