Kabla ya vifaranga, tujue samadi itakwenda wapi

SAFU YA MTEREMKONI
Na Elinisia Temu

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru au Old Moshi siku hizi, hukosi kukutana na banda jipya. Kahawa hailipi kama zamani, ada za shule hazisubiri, na kuku wa nyama huuzwa akiwa na wiki 5 au 6 tu. Nguruwe naye soko lake halilali: kitimoto inaliwa Majengo, Pasua na Soweto hadi usiku. Wafugaji siwalaumu hata kidogo. Vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, vimegawanywa baba kwa mwana mpaka wengine wamebaki na robo eka, na robo eka ya migomba haisomeshi mtoto.

Ila kuna hesabu ambayo haipigwi mtu anapokwenda kuagiza vifaranga. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 na ushee kwa siku. Kuku 500 watatoa zaidi ya kilo 50 kila siku, karibu tani 20 kwa mwaka. Nguruwe wa kunenepesha, ukijumlisha na mkojo, hatoi chini ya kilo 4 kwa siku. Hayo yote yanakwenda wapi?

Wazee wetu walikuwa na jibu. Ng'ombe mmoja au wawili walifungwa ndani, kina mama wakabeba majani kutoka tambarare, samadi ikaenda kwenye migomba na kahawa, na majani ya migomba yakarudi kwa ng'ombe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliona thamani ya mfumo huo, na mwaka 2011 likakitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ufugaji wa sasa umeuvunja mzunguko ule. Pumba na mashudu ya alizeti yanatoka mikoa mingine, dagaa wanatoka ziwani, vyote vinapandishwa mlimani. Mayai na nyama vinashuka mjini, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni na fosforasi iliyokuja na chakula hicho inabaki huku juu, mwaka baada ya mwaka, kwenye vipande vya ardhi vinavyozidi kuwa vidogo.

Wafaransa wa Bretagne wameyaona haya kabla yetu. Walijaza nguruwe na kuku kwenye mkoa mmoja, samadi ikazidi mashamba, naitreti ikateremka baharini na kuotesha mwani wa kijani unaorundikana na kuoza ufukweni. Mwaka 2009 farasi alikufa pale kwa gesi ya mwani huo. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaweka kikomo tangu 1991: kwa kawaida, hekta moja katika maeneo yaliyo hatarini isipokee zaidi ya kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa mwaka. Nimejaribu kukipeleka kipimo hicho kwenye robo eka ya Uru. Kinatosha kuku wa mayai wapatao 30. Najua udongo wetu na migomba yetu si ya Ufaransa, na mgomba hula mwaka mzima. Lakini hata ukikizidisha kipimo hicho mara tatu, hufiki 100, na watu wanafuga 500.

Na huku kwetu ni mteremko. Masika ikinyesha, kilichorundikwa nyuma ya banda kinaingia kwenye mfongo, mfereji wetu wa jadi wa maji, na mfongo unaingia mto Karanga au Rau. Maji ya Rau na ya mto Njoro ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Mabogini na Chekereni. Yanayobaki yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na rutuba ikizidi kwenye maji yaliyotuama huotesha mwani unaowanyima samaki hewa. Naitreti nyingine hupenya ardhini kimyakimya hadi kwenye chemchemi, na maji yenye naitreti nyingi ni hatari kwa kichanga anayekorogewa maziwa.

Kule Uru nimeonyeshwa banda la nguruwe ambalo fundi yeyote angejivunia. Sakafu ya saruji, imeinamishwa vizuri, haina tone lililotuama. Bomba la inchi nne linatoka ukutani na kuishia hatua chache juu ya mfongo. Mwenyewe ni mama mchapakazi aliyelijenga kwa mkopo wa kikundi. Nilipomuuliza kuhusu bomba alinijibu kwa upole, "Mwanangu, fundi aliniambia mkojo lazima utoke. Hakuniambia uende wapi." Wala bwana mifugo hakumwambia, wala kikundi kilichomkopesha. Majirani wa chini nao walikuwa wamenyamaza, ingawa mfongo ule una zamu zake na siku yake ya kusafishwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au chanzo cha maji. Ni sheria nzuri, lakini mlimani, ambako makorongo na mito imekaribiana, mita 60 zinaweza kumeza kihamba kizima. Ukimwambia yule mama avunje banda, umemwachia deni bila nguruwe. Anachohitaji ni shimo lililosakafiwa na kufunikwa, na migomba ya kumwagia kidogo kidogo nje ya siku za mvua. Mtambo wa biogesi unasaidia pia. Kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimeshawajengea mafundi uzoefu wa miaka mingi, na gesi inapunguza kuni. Ila tusidanganyane: tope linalotoka kwenye mtambo lina naitrojeni ileile, na bado linataka shamba.

Kwa kuku, kazi inaanzia kwenye maranda yaliyotandikwa bandani. Chota konzi moja, uyafinye. Yakishikamana bonge yamelowa, na banda litanuka amonia mpaka macho yawashe. Harufu ile ni mbolea inayopotea hewani. Rekebisha vyombo vya maji vinavyovuja, fungua hewa, geuza maranda, na utapata mbolea kavu inayofungika kwenye gunia.

Gunia hilo lina mteja tambarare, ambako mahindi na mboga vinalimwa kwenye udongo uliochoka. Kinachokosekana ni usafiri na mtu wa kukusanya. Malori yanayopandisha pumba hushuka matupu. Vyama vyetu vya msingi vya ushirika vimekusanya kahawa kihamba kwa kihamba tangu enzi za chama kikuu cha ushirika cha KNCU cha 1933, vina maghala na vina mizani. Vianze kupokea samadi iliyokauka na kuozeshwa vizuri, viipime, viiuze. Halmashauri nazo, kabla ya kuruhusu banda la kuku mia kadhaa, zidai karatasi moja inayosema samadi itapokelewa na shamba gani, la ukubwa gani, na nani ataibeba.