Bigfoot Anajulikana Kivaa, Eimu Je?

Wakati wa likizo nilikuwa sokoni Kivaa, katika Kaunti ya Machakos, nikamwona mvulana wa miaka kama kumi akichagua fulana ya mtumba. Iliyomvutia ilikuwa na picha ya kiumbe mkubwa mwenye manyoya mwili mzima, akitembea msituni. Nilimwuliza kama anamjua. "Ni Bigfoot," akajibu bila kusita. Nikamwuliza, na Eimu je? Alimtazama mamaye, mamaye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuandika makala haya.

Simlaumu mtoto. Bigfoot ana watu wanaomtunza. Jina lake lilivuma mwaka 1958, gazeti la Humboldt Times la California lilipochapisha habari za nyayo kubwa zilizoonekana Bluff Creek. Mwaka 2002, Ray Wallace alipofariki, jamaa zake walifichua kwamba alikuwa akipiga nyayo hizo kwa miguu ya mbao. Mtu angedhani kisa kingeishia hapo. La hasha! Mji mdogo wa Willow Creek una makumbusho yenye sehemu maalumu ya kiumbe huyo. Ana filamu, katuni na sanamu. Wako Waamerika wanaomwamini na wako wanaomcheka, lakini wote humtaja. Kiumbe wa masimulizi hahitaji kuthibitishwa ili aishi. Anahitaji kutajwa tu.

Eimu wetu ana sifa zipi za kupungukiwa? Katika ngano za Wakamba yeye ni mla watu, tena mwenye hila. Huweza kujigeuza kijana mtanashati akaja kuposa, na binti aliyekataa wachumba wote wa kwao akamfuata hadi ajue, akiwa amechelewa, aliolewa na nani. Hapa pana mapenzi, hofu, tamaa na malezi, mambo yatoshayo kwa tamthilia nzima.

Wala hakukosa kuandikwa. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alichapisha ngano za Wakamba kati ya miaka ya 1920 na 1930. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa Akamba Stories mwaka 1966. Tunawashukuru. Hata hivyo, kazi hizo zinamfikia msomaji asiyejua Kikamba kwa njia ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezitegemea hulazimika kumpitisha Eimu ughaibuni kabla ya kumleta darasani.

Huo ni mzunguko usio na sababu, kwa maana lugha hizi ni ndugu. Kikamba kimedondosha konsonanti ambayo Kiswahili kimeihifadhi: sisi twasema kulima, Wakamba husema kũĩma. Kwa kanuni hiyo hiyo, Eimu wa Wakamba na Irimu wa Wagikuyu wanatoka katika mzizi mmoja wa Kibantu na izimu wa Wazulu. Katika mzizi huo huo ndimo wanaisimu huweka zimwi, mzimu na kuzimu za Kiswahili. Tusemapo zimwi likujualo halikuli likakwisha, tunamtaja binamu wa Eimu bila kujua.

Wapo watakaosema kwamba Eimu ni ushirikina, na kwamba huwatia watoto hofu. Nawajibu kuwa watoto hao hao wanatazama mazimwi ya kigeni kwenye simu usiku kucha. Hofu haikuondoka Kivaa. Imebadilisha jina na makazi tu. Wengine watasema Bigfoot ni biashara. Ni kweli, na sipendekezi tumuuze Eimu kama peremende. Lakini kati ya kumuuza na kumzika ipo njia ya tatu, nayo ni kumsimulia.

Lawama kubwa naielekeza kwetu sisi wanafunzi. Tumezoea kumkabili Eimu katika karatasi ya mtihani: taja dhamira, eleza sifa za fanani, alama tano. Tukishapata alama, tunamwacha pale. Tunapotafsiri, twaandika "jitu" na kupita, jina lake likafa mikononi mwa wale wale waliojitwika kulihifadhi.

Napendekeza kila mwanachama arudipo kwao likizo arekodi ngano moja kwa ridhaa ya msimulizi, aiandike kwa lugha ya mama, kisha aitafsiri kwa Kiswahili akilihifadhi jina la kiumbe kama lilivyotamkwa. Idara ihifadhi nakala, na walimu wetu watusaidie kuzigeuza michezo ya jukwaani na vitabu vya watoto.

Wazee wanaozijua ngano hizi hawatungoji. Mama yule wa sokoni alicheka kwa sababu alimkumbuka Eimu. Mwanawe hakucheka, kwa kuwa hakuwa na la kukumbuka.