Namba Haikuambii Ununue Nini

Taa ya injini ikiwaka ukiwa Mtwara, kipuri utakachoambiwa ununue mara nyingi hakipo mjini. Kinaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, kinapakiwa kwenye basi na kupita Kibiti, Nangurukuru na Lindi, kilomita zipatazo 560. Kikishafungwa na tatizo likabaki palepale, hakuna duka litakalokipokea tena. Kukosea hapa ni ghali kuliko kwa mtu anayeishi karibu na Kariakoo. Ndiyo maana maneno yanayozunguka kuhusu kupima gari kwa mashine yanastahili kujibiwa moja moja, hata yale yanayosemwa kwa nia njema.

"Mashine imesema sensa imekufa."

Haikusema hivyo, na haiwezi kusema hivyo. Kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, haiioni sensa. Inaona volti tu. Chukua sensa ya joto la maji. Kompyuta hupeleka volti 5 kwenye waya wake kupitia rezista, kisha hupima volti zilizobaki. Sensa yenyewe hupunguza ukinzani kadiri maji yanavyopata moto: kwenye Toyota nyingi ni omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 yakifika nyuzi 80. Waya ukikatika, volti zote 5 zinabaki, na hesabu ya kompyuta inatoa nyuzi 40 chini ya sifuri. Gari limeegeshwa juani Msimbati, mashine inasoma baridi ya barafu. Hapo ndipo inapoandikwa namba ya hitilafu P0118, na maana yake ni kwamba volti za mzunguko wa sensa hiyo ziko juu mno. Basi. Mzunguko una sensa, soketi, pini, waya mbili na kompyuta yenyewe, na namba haikutaja ni kipi kati ya hivyo.

Pwani yetu inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikiingia kwenye soketi, pini za shaba huota kutu ya kijani. Magari yanayobeba samaki wa barafu kutoka Msimbati, yanayopita kando ya mashamba ya chumvi, yanayoshuka Kilambo kwenye mpaka wa Msumbiji, yote yanapokea hewa hiyo mwaka mzima. Kwenye magari ya namna hii mimi huishuku soketi kabla ya sensa.

Na kuna kipimo kisichohitaji kununua chochote. Chomoa soketi ya sensa hiyo ya waya mbili, unganisha pini mbili za upande wa gari kwa kipande cha waya, fungua swichi, soma joto kwenye mashine. Likiruka kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi juu ya 140, waya na kompyuta ni vizima; pini za soketi zikiwa safi, agiza sensa. Lisiposogea, sensa mpya haitabadilisha kitu, na fundi atafute waya uliokatika.

P0171 huwapoteza watu zaidi. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na watu hukimbilia kununua sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyotoa taarifa. Ni kumfunga shahidi na kumwacha mwizi. Angalia kwanza mpira wa hewa uliopasuka, kipima hewa kilichojaa vumbi, chujio ya mafuta iliyoziba, pampu iliyochoka. P0301, silinda ya kwanza kumisi, ina jibu rahisi kwenye IST, Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ, kwa kuwa kila silinda ina koili yake: hamisha koili ya kwanza kwenda ya pili, futa namba, endesha. Ikirudi ikiwa P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, rudi kwenye plagi, nozeli na mgandamizo wa silinda hiyo.

"Gari langu ni la zamani, halina mfumo huo."

Corolla na Mark II za miaka ya 1990 zinao, na hazihitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu mapepeso ya taa: mawili, kituo, mawili, hiyo ni 22, mzunguko wa joto la maji. Taa ikipepesa mfululizo kwa kasi ileile bila kituo, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Angalizo moja: kiboksi hichohicho kina tundu la +B lenye umeme wa betri, kwa hiyo soma ramani kabla ya kuingiza waya.

Wanaochanganyikiwa zaidi ni wenye magari ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Chini ya usukani wanaona soketi ya matundu 16, wanachomeka kifaa cha bei nafuu cha ELM327, simu inakataa kuunganika, na wanaambiwa kontroli boksi imeungua. OBD-II, mfumo wa pamoja wa gari kujipima, ulikuwa sharti la Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari lililotengenezwa kuuzwa Japani halikufungwa na sharti hilo. Linaweza kuwa na soketi ileile na kuzungumza lugha yake lenyewe. Kwenye Toyota nyingi za kipindi hicho, kuunganisha tundu la 13 na la 4 huzifanya taa za dashibodi zianze kuhesabu.

"Toa waya wa betri, taa itazima, gari limepona."

Taa itazima kweli. Lakini pamoja na namba unafuta kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mizunguko. Hizo ndizo taarifa ambazo fundi makini angezitaka kuliko zote. Hitilafu nyingi za OBD-II haziwashi taa mpaka zionekane katika safari mbili mfululizo, kwa hiyo ukimya wa siku ya kwanza hauthibitishi lolote. Mfumo unajua kujizimia wenyewe: kosa lisipoonekana tena kwa safari tatu mfululizo, taa huzimika, na namba hubaki kwenye kumbukumbu kwa muda. Anayenunua gari la mkononi kwa fedha ya korosho aangalie hapo. Gari linalotumia OBD-II likiwa halina namba hata moja na vipimo vyake vya ndani vikionyesha havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilitolewa. Muulize muuzaji kwa nini, kisha liendeshe siku nzima kabla ya kutoa hela.

"Taa haijawaka, injini ni nzima."

Kwanza hakikisha taa ipo. Fungua swichi bila kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, globu imekufa au kuna mtu ameitoa. Pili, ile pini yenye kutu nusu, iliyoongeza ukinzani kidogo tu, inaweza kuifanya kompyuta iamini maji ni ya baridi kuliko yalivyo, ikaongeza mafuta kwa miezi bila kuvuka mpaka wa kuandika namba. Mwenye gari analalamikia bei ya petroli. Mkanda wa taimingi uliochoka na gasketi inayoanza kuvuja vinaweza kukaa kimya vilevile. Na mgandamizo mdogo wa oili una taa yake nyekundu yenye alama ya kopo. Hiyo haisubiri kupimwa: zima injini hapohapo.

"Themostati ni kifaa cha nchi za baridi."

Nimechoka kusikia hivyo. Mafundi wengi huitoa ili gari lisichemke. Injini imeundwa kufanya kazi katika joto fulani, na bila themostati, kwenye barabara ndefu ya kwenda Masasi, inaweza isilifikie. Magari mengi ya OBD-II huandika P0128 kwa sababu hiyo. Gari linalochemka mara nyingi lina rejeta iliyoziba, feni iliyolala au maji yanayovuja, litibiwe hilo.

"Taa ya njano ni ya kupuuza tu."

Ikiwaka bila kupepesa na gari likitembea kawaida, unaweza kufika kwa fundi. Ikianza kupepesa yenyewe ukiwa unaendesha, injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli isiyoungua kwenye ekzosi, na petroli hiyo inaungulia ndani ya masega, yaani kisafisha moshi cha ekzosi. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo. Ikitulia, endelea polepole. Ikikataa kutulia, egesha na uitishe gari la kukuvuta, hata kama mji uko mbele tu, kwa sababu koili moja iliyokufa inaweza kuyayeyusha masega yote.