Tukutane tukitembea

Je, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipomwona rafiki yako akitembea? Sisemi kumwona ameketi barazani, matangani au nyuma ya usukani. Nauliza ni lini mlipotembea pamoja kwa saa nzima, mkapanda na kushuka.

Nauliza kwa sababu ya matembezi niliyoyafanya Jumamosi moja na rafiki yangu wa miaka mingi hapa Mombasa. Yeye ni karani wa kampuni ya meli, umri wake miaka 48. Watoto wetu walikuwa wakitucheka kwamba hatujaingia Fort Jesus tangu tulipopelekwa na walimu wa shule ya msingi. Basi tukakata shauri: asubuhi bustani ya Haller kule Bamburi, alasiri ngomeni.

Bamburi tulitembea vizuri. Pale zamani palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi tupu, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka wa 1971. Mivinje ikashika, majongoo wakala majani yaliyoanguka na kuyageuza udongo, na leo ni msitu. Njia ni tambarare, kivuli ni tele, na mwenzangu alipiga soga mwendo wote.

Mambo yalibadilika Fort Jesus. Wareno waliijenga ngome hiyo kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na anayetaka kuiona bahari kutoka juu ya kuta sharti apande. Jua lilikuwa kali. Mwenzangu akasimama kutazama mzinga. Akapanda kidogo, akasimama tena. Mara ya tatu alisimama kutazama ukuta mtupu. Hapo ndipo nilipomtazama yeye. Kiganja kilikuwa kifuani na jasho lilimtiririka usoni.

"Ni gesi tu, Daktari," akasema. "Ni yale mahamri na mbaazi za asubuhi."

Nikamketisha kivulini. Baada ya dakika chache kifua kikaachia. Nilipomhoji, alikiri kwamba hali hiyo ilikuwa na miezi minne: akipanda ngazi za ofisi kifua kinambana, akipumzika kinaachia. Alikuwa akijinunulia vidonge vya gesi. Miezi yote hiyo tulikuwa tukikutana kila Ijumaa, tumeketi, mimi nikimuuliza habari naye akijibu nzuri.

Ziara yetu iliishia hapo, tukaenda hospitali moja kwa moja. Alikutwa na shinikizo la damu ambalo hakulijua, na mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba. Leo anameza dawa kila siku, ameacha sigara, na daktari wake amemruhusu kutembea.

Sababu si ngumu kuielewa. Misuli ya moyo ikifanya kazi zaidi, huhitaji damu zaidi. Mishipa iliyozibwa na mafuta huweza kumtosheleza mtu aliyeketi, lakini haimtoshelezi anayepanda ngazi. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii akiwa kitini huonekana mzima kabisa.

Maoni yangu ni kwamba sisi watu wa mjini tumeugeuza urafiki kuwa kazi ya kuketi. Tunakula pamoja, tunakunywa pamoja, tunabishana siasa, kisha kila mmoja anapanda matatu kwenda kwake. Hakuna anayejua kama mwenzake bado anaweza kupanda orofa mbili. Wanaume ndio wabaya zaidi, kwani maumivu kwetu ni siri.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Anzeni kwa matembezi ya Jumamosi. Kama huna ngome karibu, tumia bustani ya mjini au kilima cha kwenu.

Lakini tahadhari. Kifua kikikubana utembeapo, simama, pumzika, kisha ukamwone daktari bila kuchelewa. Usijaribu kukishinda kwa mazoezi. Na kama maumivu yanakuja ukiwa umetulia, au yanazidi dakika 10, au yanaambatana na jasho baridi na kuenea mkononi au tayani, usingoje kuche. Mwombe mtu akupeleke hospitali papo hapo, wala usiendeshe gari mwenyewe.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Rafiki yangu alifichuliwa na ngazi za ngome, na hilo ni afadhali mara mia. Jumamosi ijayo mpigie rafiki yako simu, mwambie avae viatu vya kutembelea. Akisimama njiani kutazama ukuta mtupu, muulize.