Nani Asimame Mlangoni pa Kilabu?

Katika mkoa wa Tanganyika kazi za mshahara si nyingi, na kijana mwenye kifua kipana hakawii kuitwa na mwenye baa ili asimame mlangoni usiku. Wazazi wa Bendera, kama wale wa Kalemie, hujiuliza kama yafaa mtoto wao aikubali kazi hiyo. Wengine hukataa mara moja, wakisema kilabu ni nyumba ya dhambi. Sisi hatusemi hivyo upesi. Kuwatenganisha walevi wawili kabla hawajachomana visu ni kazi njema, na Amri ya Tano haimkatazi mtu kuulinda uhai wa jirani yake. Neno letu ni jingine: kijana huyo amewekwa pale na nani, amefundishwa nini, na akimvunja mtu mkono atajibu mbele ya nani?

Hapa Kongo, Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa amri tarehe 31 Machi 1998 juu ya makampuni ya ulinzi. Lakini zamu wa kilabu mara nyingi hana kampuni. Ana mapatano ya mdomo na mwenye nyumba, posho ya usiku, na pengine chupa ya bia ya kuongezea. Hana sare wala hati. Ugomvi ukitokea na mtu akaumia, ni rahisi mwenye baa kusema asubuhi kwamba hamjui.

Nchi nyingine zimekwisha kulitazama jambo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001: alindaye mlango wa nyumba ya pombe kwa ujira sharti awe na leseni yenye jina lake mwenyewe. Kabla ya kuipata huchunguzwa kama amewahi kuhukumiwa, tena hufundishwa kutuliza hasira za watu na kumtoa mgomvi bila kumjeruhi. Akiwa kazini huvaa kitambulisho chake waziwazi, ili mteja aliyeonewa ajue wa kumshtaki. Sababu moja ya ukali huo ilikuwa madawa ya kulevya, kwa maana genge lililoshika mlango wa dansi ndilo lililoamua nani auze sumu ndani. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya walinzi wa binafsi mwaka 2016, ikaweka mamlaka ya kuwaandikisha.

Hata hivyo leseni peke yake haitoshi. Afrika ya Kusini ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2001, na bado usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2022, katika kilabu cha Enyobeni mjini East London, walikufa vijana 21. Wengi wao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 18. Kwa sheria ya nchi ile, watoto hao hawakuruhusiwa kuuziwa pombe. Watu walijazana kupita kiasi. Walionusurika walisimulia kwamba milango ilifungwa, na watu wakakosa hewa. Tarehe 6 Julai yalifanyika mazishi ya pamoja, na Rais Cyril Ramaphosa alikuwapo. Mwaka uliofuata mahakama iliwatoza faini wenye kilabu kwa kuwauzia watoto pombe. Faini, baada ya makaburi 21!

Basi, kazi ya kwanza ya zamu si kupiga, ni kukataza. Sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba kila mtu asiyetimiza miaka 18 ni mtoto. Huko Ulaya mlinzi huomba kitambulisho. Mahali padogo kama Bendera hana haja nacho, kwa kuwa amjua mwanafunzi kwa jina, amjua na baba yake. Lakini akilipwa kwa hesabu ya watu walioingia, atamrudishaje mtoto aliyeshika fedha mkononi? Na wakati wa sikukuu, muziki ukivuma na taa zikiwaka kwa umeme wa mto Kiymbi, nani atahesabu watu waliomo ndani?

Haifai kungoja mpaka sheria mpya itoke Kinshasa. Mkuu wa mahali aweza kuweka daftari la majina ya mazamu wote wa vilabu, kila mwenye baa atie sahihi mbele ya jina la mtu wake, na polisi wapewe nakala. Mlango wa pili wa kilabu usitiwe kufuli wakati watu wamo ndani. Wazazi nao wadai mapatano ya maandishi kabla ya usiku wa kwanza: mshahara kwa mwezi, ruhusa ya kumkatalia mtoto na mtu aliyekwisha kulewa, na marufuku ya kushika fimbo au kisu. Mwenye baa akikataa kuandika, kijana aende Kalemie kubeba mizigo bandarini.