Yule Samaki wa Puge Hakuwa Uchawi

Perege mmoja. Amepasuliwa tumbo, ametolewa utumbo, amejazwa magadi, kisha amefukiwa kwenye magadi mengine ndani ya ndoo iliyokuwa ya rangi ya ukuta. Kila Ijumaa anatolewa, anapanguswa, anapimwa kwenye mizani ya kuazima dukani, anarudishwa. Ukutani kuna karatasi ya manila yenye tarehe na uzito. Huo ndio uchawi uliogunduliwa mwaka jana katika shule moja ya sekondari ya kata, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Puge, na uliomletea mwalimu wa Historia barua ya kujieleza.

Niseme mapema tusipotezeane muda: niko upande wa mwalimu. Nimekwenda pale mara mbili, nimekaa dawati la nyuma, nimemnusa yule samaki (hanuki, na ndiyo hoja yenyewe). Jina la mwalimu na la shule nayaficha kwa sababu bado anaishi kwa mshahara uleule.

Wengi wenu Puge mnaijua kwa mabango ya ujenzi tu. Barabara ya Nzega–Puge, barabara ya Puge–Tabora: mahali ambapo mkataba mmoja wa lami unaishia na mwingine unaanza. Basi linasimama, unanunua karanga dirishani, unaendelea kulala. Lakini hii ni nchi ya njia tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikifika Tabora, enzi hizo Kazeh, iligawanyika: wengine magharibi kwenda Ujiji, wengine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Mwezi Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh akapandisha kaskazini katika nchi hii ya Unyamwezi, na mwanzoni mwa Agosti akasimama mbele ya ziwa akisema chanzo cha Naili ndicho hiki. Hilo tuliweke akiba, tutalirudia.

Mimi Misri niliisoma Kidato cha Kwanza kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini. Ilipita kama basi la usiku. Tulikariri kwa Kiingereza, lugha ambayo miezi michache kabla tulikuwa tunaitumia kuombea ruhusa ya kwenda chooni tu, kwamba Misri ni zawadi ya Mto Naili. Tukaandika, tukapata vema, na hakuna aliyeuliza zawadi hiyo ilitoka kwa nani.

Mwalimu wa Puge alianza kwa kuuliza: mnajua nini kuhusu Misri? Wakasema Musa. Wakasema Firauni, wakacheka, maana kwetu hilo ni tusi. Wakasema Yusufu na ghala la nafaka. Wakasema Mohamed Salah. Kumbe kabla ya kitabu kufunguliwa, madrasa, shule ya Jumapili na banda la kuonyeshea mpira vilikuwa vimeshafundisha nusu ya kazi. Halafu akauliza: maiti ya Firauni imekaaje miaka elfu tatu bila kuoza? Kimya. Kisha binti mmoja akasema, "Walimfanya michembe, Mwalimu."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Kwa msiotoka huku: michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikakamaa, vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, vinaitwa matobolwa. Nyumba ya Kinyamwezi au ya Kisukuma huvuka kiangazi kwa hivyo. Yule binti alikuwa amejibu sawasawa: kinachooza ni kilicho na maji, toa maji kisioze. Wamisri walitoa maji ya maiti kwa magadi. Wazungu huyaita natroni, ndiyo maana lile ziwa letu la kaskazini kwenye ramani linaitwa Ziwa Natron. Maiti ilikaa kwenye magadi kama siku 40, na kazi nzima mpaka kuviringishwa vitambaa ilifika siku 70. Samaki nao walikaushwa. Kule Esna yamechimbuliwa makaburi ya sangara. Ndiyo, sangara huyuhuyu tunayemla.

Kesho yake watoto walikuja na magadi ya mia mia kutoka sokoni. Samaki walikuwa wawili. Wa pili aliwekwa kwenye kopo bila chochote, akaoza siku ya pili, akazikwa nyuma ya choo bila heshima. Wa kwanza akaanza safari. Kundi jingine lilishuka kwenye mchanga wa kijito kilichokauka na ubao, kamba na mawe, kuvuta. Kisha wakalowesha mchanga kidogo, wakavuta tena. Ukilowa kwa kiasi, ubao unateleza; ukizidi maji, unazama. Wanafizikia wa Amsterdam walilipima jambo hilo mwaka 2014 wakaandika kwamba mchanga wenye maji ya kutosha hupunguza nguvu ya kuvuta karibu nusu, na katika kaburi la Djehutihotep kuna picha ya mtu akimwaga maji mbele ya sanamu inayoburutwa. Watoto wa Puge walikuta hivyohivyo kwa kamba ya kufungia ng'ombe.

Matatizo yalianza kwenye vitambaa. Mwalimu aliwapa shuka kuukuu jeupe walichane vipande, wajifunze kuviringisha kwa kutumia gunzi la mahindi. Mzee mmoja akapita dirishani. Kitambaa cheupe, samaki, magadi, siku ya Ijumaa. Akaingia. "Mwalimu, mjukuu wangu nimemleta asome. Kuvika sanda atajifunza msibani." Mwalimu akamjibu, "Shikamoo mzee wangu, karibu kwanza ukae uone." Mzee alikaa kipindi kizima. Alimshika samaki, akamnusa, akasoma zile namba kwa sauti, mwisho akauliza kama nyama ya mbuzi nayo ingekubali. Akaaga kwa amani.

Barua haikutoka kwa mzee. Ilitoka kwa mtu mwenye shahada kama yangu, aliyesikia habari hiyo kwa mtu wa tatu, na ndani yake mlikuwa na maneno "viashiria vya ushirikina". Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mimi ni mwandishi wa habari, nimekaa sebule zilizofiwa. Unyamwezini na Usukumani neno hilo halichezewi. Limeua bibi zetu kwa panga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Limekata viungo vya watu wenye ualbino. Msomi anayeliandika kwenye karatasi yenye mhuri bila kutembea hatua mia mbili kwenda kuangalia ndoo, huyo hajui amekaa wapi. Mwalimu aliwafundisha watoto kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo weka wawili, mmoja na dawa na mmoja bila, upime, uandike, usubiri. Kama kuna chanjo ya uchawi katika wilaya ile, ilikuwa mle ndooni, na wakaimwaga.

Kuna waliotetea barua kwa hoja ya mtihani: swali la samaki haliji. Sawa, haliji. Wala kukariri hakujawafaulisha. Tuendelee.

Wanaonikera zaidi ni watu wetu, wasomaji wa vitabu. Nilipolisimulia jambo hili kwenye kundi letu la WhatsApp, jibu lililopata vidole gumba vingi zaidi lilikuwa hili: mtoto wa Puge Firauni wa nini, afundishwe Mirambo. Imeonekana ni hoja ya kizalendo, na siku hizi ambapo somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia kwenye mtaala, imepata na mhuri. Naipenda nusu yake. Mtoto wa Nzega asiyejua kwamba Isike alijilipua na baruti ndani ya ngome yake mwezi Januari 1893 ili asishikwe na Wajerumani, huyo ameibiwa. Ila nauliza, Mirambo mwenyewe mnamfundishaje? Kwa tarehe ya kufa, 1884, na orodha ya sababu tano za kuinuka kwake. Mnamfundisha vilevile mlivyomfundisha Firauni. Kubadilisha jina la mfalme ubaoni si mapinduzi, bana.

Tena nawaambia, njia fupi ya kufika kwa wapagazi wa Unyamwezi inapita Misri. Mwaka 2013, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu mahali panapoitwa Wadi al-Jarf, kikosi cha Pierre Tallet kilipata mafunjo ya kale kuliko yote yenye maandishi yanayojulikana. Sehemu yake ni shajara ya Merer, msimamizi wa watu kama 40 wa enzi za Khufu. Hakuna miungu mle. Ni kazi tu: leo tumepakia mawe, leo tumelala njiani, leo tumefika Giza. Na mawe yale meupe walikuwa wanayachukua wapi? Tura.

Nilipolitaja jina hilo darasani, nusu ya darasa waligeuka. Tura wanaijua, iko kwenye reli mashariki ya Tabora. Misafara iliyovuka pori la Mgunda Mkali ilipumua ilipofika Tura, mlango wa Unyamwezi. Majina yamegongana tu, hayana undugu, na mwalimu alilisema hilo mara tatu maana kuna kijana alishaanza kuwaunganisha Wanyamwezi na Mafarao (nyie wa Cheikh Anta Diop tulieni kwanza). Lakini mgongano ule ulifungua mlango. Mtoto mmoja akauliza: sasa shajara ya wapagazi wa kwetu iko wapi?

Hilo ni swali la fasihi, ndugu zangu. Tunayo maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili safi, na tunaisifu nathari yake kwa haki. Lakini humo wapagazi ni mizigo na idadi. Wakimkimbia, anatueleza alivyorudi kuwakusanya watu kwa mamia. Mzungu ana shajara, mfanyabiashara ana tawasifu. Aliyebeba frasila mbili za pembe begani, kilo 32 hivi, kutoka huku mpaka pwani kwa miezi, hana ukurasa. Darasa lilijaza mchanga kwenye kiroba hadi frasila moja, kilo 16, wakazunguka nacho uwanja wa mpira kwa zamu. Baada ya hapo wakaambiwa kila mmoja aandike siku moja ya mpagazi kwa mtindo wa Merer: kilichobebwa, tulipolala, tulichokula. Nimezisoma zote. Nyingi ni mbovu. Nne au tano ningezichapisha hapa kesho kama wenyewe wangeruhusiwa.

Karibu zote zinalalamikia posho. Hawakuambiwa. Na hapo mwalimu akawapa Misri tena: mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, mafundi wa makaburi ya wafalme waliokaa Deir el-Medina waliweka zana chini wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu kwa sababu nafaka yao ilichelewa. Ni mgomo wa kwanza duniani ambao maandishi yake yamebaki. Wapagazi wa njia yetu nao waliweka mizigo chini posho ilipopunjwa. Kuna mtoto aliandika pembeni ya daftari, "kumbe hata Firauni aligomewa." Niambieni somo gani la maadili lingelifikisha hilo kwa upesi kiasi hicho.

Halafu lipo lile la maji tuliloweka akiba. Bomba la Ziwa Victoria linalotoka Ihelele, Misungwi, sasa limefika Nzega na Tabora. Maji yanayotiririka bombani huko, yangeachwa, yangeshuka Jinja, Sudan, mpaka Kairo. Uingereza iliandikiana na Misri mwaka 1929 kwamba huku juu pasijengwe kitu cha kupunguza maji hayo bila Misri kukubali. Mwaka 1962 Nyerere akasema Tanganyika haifungwi na mkataba huo. Serikali ilipoanza mradi wa kupeleka maji ya ziwa Shinyanga na Kahama, Misri ilinung'unika, bomba likajengwa. Mkataba mpya wa bonde la Naili, uliotiwa saini Entebbe mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri haimo. Kwa hiyo mnaponiambia Misri haimhusu mtoto wa Puge, mnamwambia hivyo akiwa ameshika kikombe cha maji.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Walifinyanga piramidi za udongo, na piramidi za udongo siwezi kuzitetea. Hazifundishi chochote. Ni kama zile za maboksi wanazotengenezewa watoto wa shule za kulipia Dar na baba zao usiku wa kuamkia maonyesho, zikanyunyiziwa rangi ya dhahabu, zikapigwa picha. Kushika kitu kwa mkono si kusoma, kama kitu chenyewe hakikujibu. Samaki alijibu. Mchanga na kiroba vilijibu. Udongo ulikaa tu, ukapasuka.

Ndoo ilimwagwa kwenye shimo la taka katika wiki ya tano, kwa maagizo, mbele ya darasa. Karatasi ya manila hawakuiondoa, nadhani hawakuiona. Ijumaa ya kuanzia: gramu 405. Ya kwanza: 286. Ya pili: 221. Ya tatu: 184. Ya nne: 171. Niliporudi mara ya mwisho watoto walikuwa wameendelea kuijaza, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mtu mmoja. Ijumaa ya tano: hayupo. Ijumaa ya sita: hayupo.